Jumatano Nilizolala

Mimi ni mtu wa kuchoka. Nasema hili mapema kwa sababu watu wanaokuja siku hizi kutazama mpunga wangu, wakiwa na daftari zao na viatu visivyojua tope, hunisifu kwa bidii. Huwa nawaacha waseme. Ukweli ni kwamba kilimo hiki cha maji kidogo sikukiingia kwa bidii wala kwa akili nyingi. Nilikiingia kwa sababu mgongo ulikuwa unaniuma na nilitaka kulala.

Nimezaliwa Vudee, milimani, nikaolewa huku tambarare upande wa mashariki, ambako Wapare wa juu huja kulima mpunga na kulalamikia joto. Mume wangu alipofariki watoto walikwisha kuwa na miji yao mbali. Aliniachia nyumba, majaruba matatu ya mpunga, na Jumatano. Katika skimu yetu ya umwagiliaji kila mkulima ana siku yake ya maji na saa zake ndani ya siku hiyo. Sisi tulikuwa na Jumatano, tangu alfajiri mpaka jua la utosini. Nje ya hapo mlango wako wa mfereji unafungwa kwa mfuko wa mchanga na maji yanakwenda kwa mwingine.

Asiyelima mpunga hudhani siku ya maji ni siku ya kukaa kivulini na kutazama maji yakiingia shambani. Unaamka kabla ya jogoo, unachukua jembe, unaufuata mfereji kutoka mlangoni mpaka kwako ukiziba matundu ya panya na ya kaa, na ukifika mahali maji yamepungua ghafla unajua kuna mtu juu ametoboa. Unarudi juu, mnagombana. Anakuapia kwa jina la Mungu kwamba si yeye, na jembe lake limelowa. Unaziba, unateremka tena. Hayo nimeyafanya kwa zaidi ya miaka ishirini, kwanza na mume wangu, kisha peke yangu, na sikumbuki Jumatano hata moja niliyorudi nyumbani nikaweza kuinama kuwasha moto bila kushika ukuta.

Na yote hayo ilikuwa ni kulijaza jaruba mpaka kingo zitoe jasho. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Mpunga ni mtoto wa maji, walisema, na mama mwenye akili hamwachi mtoto akalia. Jaruba likionekana udongo, majirani walikupa pole kama umefiwa.

Ndipo akaja bibi shamba. Ni binti mdogo, anaishi Same mjini, alipanda pikipiki yake mpaka huku kwetu akafika amejaa vumbi hadi kwenye kope.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kunywa maji kwanza."

Alikunywa, akaanza. Alisema kuna namna ya kulima inaitwa shadidi. Miche inapandwa ikiwa michanga, mmoja mmoja, kwa nafasi, na maji yanaingizwa kidogo, yanaachwa yakauke, yanaingizwa tena. "Mama, hii njia inasevu maji, inasevu mbegu, inasevu mbolea."

"Na mgongo?"

Alicheka. "Mgongo nao kidogo."

Hapo alinidanganya, Mungu amsamehe, kwa sababu kupanda mche mmoja mmoja kwa kufuata kamba yenye mafundo ni kazi ya kumtoa mtu machozi. Lakini kabla sijajua hayo alisema jambo lingine. Alisema kuna wiki sitahitaji kabisa kufungua maji. Nitaacha udongo ukauke mpaka uonyeshe nyufa nyembamba kama za kisigino, na mizizi itashuka chini kuyatafuta yenyewe.

"Kwa hiyo wiki hiyo nafanya nini?"

"Unapumzika tu, mama."

Neno hilo nililibeba mpaka kitandani. Hakuna aliyewahi kuniambia nipumzike kama sehemu ya kazi.

Msimu ule nikapanda hivyo. Miche ilikuwa ya siku kumi, ina majani mawili, myembamba hata unaona haya kuiita mpunga. Akina mama niliowaita kunisaidia walishika kamba kwa mikono miwili na kucheka kwa midomo yote. Mmoja aliniuliza kama hii ni mbegu au nywele. Mwingine alisema kumpa mche mmoja shimo zima peke yake ni kumzoesha ufahari. Saa nne asubuhi wawili walikwisha kuondoka, wakidai mtindo huu unavunja kiuno, na sikuweza kuwabishia kwa sababu changu kilikuwa kimeshavunjika. Tulimaliza baada ya siku tano kazi iliyokuwa ikichukua siku mbili. Tulipomaliza, shamba lilionekana tupu. Vijana wa pale wakaliita kipara, na jina likakaa.

Mbolea nayo nilipunguza. Nilibeba samadi ya mbuzi nikaitandaza mapema, na ile ya dukani nikaweka nusu ya niliyozoea, karibu na shina badala ya kurusha hewani. Zamani nilipokuwa narusha na maji yamejaa, nyingi ilisafiri na maji yale hadi kwa wenzangu. Nililisha mashamba ya watu kwa miaka bila kujua, na hakuna aliyekuja kunishukuru.

Kisha ikaja Jumatano yangu ya kwanza ya kukaa. Niliamka alfajiri kwa mazoea, nikaketi kitandani, nikakumbuka kwamba jana nilikwenda kutazama na udongo ulikuwa bado una unyevu. Nikajilaza tena. Nje nilisikia watu wakipita na majembe, mmoja anakohoa, mwingine anasimulia jambo la msibani. Nilijifunika hadi masikioni. Niseme tu bila kuzunguka, niliona raha. Niliona raha ya mtoto aliyeambiwa leo hakuna shule, nikalala mpaka jua likaingia dirishani na kunikuta.

Sasa nimtaje jirani yangu wa mkiani. Mkia wa mfereji ni kule mwisho, ambako maji hufika yakiwa yamekwisha kunywewa na kila mtu. Kule kulikuwa na mzee mmoja, tuseme rika langu au amenizidi kidogo, aliyekuja kutoka Kigoma akiwa kijana kukata mkonge. Aliukata mpaka magoti yakamkataa, akabaki hapa na mke wake, na baadaye wajukuu wawili. Alipewa kipande cha mkiani kwa sababu hakuna mwenyeji aliyekitaka. Kwenye karatasi alikuwa na zamu baada yangu, Jumatano mchana. Kwenye udongo hakuwa na kitu, maana jua la utosini likishafika, mfereji mdogo hubaki na tope na vyura. Kwa hiyo alipanda kunde na mtama, vitu visivyomwomba mtu ruhusa, akaishi navyo. Baada ya miaka yote hiyo watu bado walimwita mgeni, na jembe alikwisha kupewa zamani.

Wiki ya pili nilikutana naye dukani.

"Mama, unaumwa? Sikukuona majini."

"Siumwi, mzee wangu. Shamba langu sasa halitaki maji kila wiki. Yakikufikia yatumie."

Alinitazama. "Yote?"

"Yote. Mimi nayafanyia nini?"

Mgawa maji wa skimu alikuwa palepale ananunua sabuni, akasikia. Nilichukua chumvi yangu nikaondoka. Jumapili ile mchungaji alihubiri juu ya kutoa, nami nilikaa wima kwenye benchi, kifua mbele, nikijiona ni mimi anayesemwa.

Baada ya wiki kadhaa nilimkuta anang'oa kunde. Zilikuwa zimeanza kutoa maua. Nilisimama kwenye njia.

"Mbona unang'oa chakula?"

"Maji yanakuja kila Jumatano, mama. Mwenye maji hapandi kunde." Alisema akicheka, na mimi nilicheka naye. Sikuwahi kumwona akicheka kwa meno yote namna ile.

Ilikuwa kweli maji yalimfikia kila wiki. Jumatano nyingine nilikwenda, nikalowesha majaruba yangu kidogo, nikafunga mapema kabla ya saa tatu, na yeye akapata yaliyobaki. Jumatano nyingine sikutoka kabisa, akapata yote. Alipanda mpunga kwa mtindo wetu wa zamani, miche mikubwa, mitano au sita kwa fungu, na akajaza maji mpaka ukingoni, kama mtu aliyekaa na njaa akafika kwenye sherehe. Nilipita nikauona. Ningeweza kusimama nikamwambia mwenzangu, usiulee hivyo, uzoeshe ukavu mapema, siku moja maji yatapungua. Lakini nilikuwa natoka kusukuma kimashine cha palizi kati ya mistari, na maelezo yale ni marefu. Nikamsalimia nikapita.

Shamba langu kwa wakati huo lilikuwa limeacha kuitwa kipara. Kila mche ulikuwa umetoa machipukizi mpaka shina halikutosha kushikwa kwa mkono mmoja. Waliocheka walianza kuja mmoja mmoja jioni, wakijifanya wanatafuta mbuzi. Kukawa na mvua za hapa na pale kwa wiki tatu, nami kwa wiki hizo tatu sikukanyaga mfereji. Nililala Jumatano zote tatu, na ya tatu nililala mpaka nikaota.

Halafu mvua ikakata. Jua likashuka juu yetu, na maji ya kutoka mlimani yakapungua mpaka kwenye banio, pale yanapochukuliwa mtoni, mtoto angeweza kuvuka bila kulowesha goti. Mpunga wangu ulikuwa umebeba mimba. Bibi shamba alinisisitizia hili tangu mwanzo, kwamba unaweza kuunyima maji utotoni, lakini ukibeba mimba na kutoa masuke usithubutu. Ukikosa hapo masuke yatatoka matupu, mapepe, makapi ya kuchezea upepo. Kwa hiyo Jumatano ile niliamka kabla ya jogoo kama zamani, nikachukua jembe, nikaenda.

Mlango wangu ulikuwa umefungwa. Mfuko wa mchanga ulikuwa umekandikwa tope, na tope lilikuwa limekauka. Mgawa maji alikuwa amesimama hapo amejifunga kitenge kichwani.

"Mama, asubuhi hii siyo yako tena."

Nilidhani anatania. "Ni ya nani?"

"Ya yule wa mkiani. Maji yalipopungua kamati ilipanga zamu upya. Wewe Jumatano tatu mfululizo hukuonekana. Tumeandika umeachia."

"Nimeachia nini? Nilikuwa sihitaji!"

"Asiyekuwepo na lake halipo, mama. Sheria unaijua kuliko mimi. Imetoka kwenu juu."

Nilikaa kwenye ukingo wa mfereji, kwenye majani yenye umande, nikampigia simu mama yangu Vudee. Mama ana umri mkubwa lakini kichwa chake kinakata. Baba yangu alikuwa mfungaji wa ndiva, lile bwawa dogo la udongo ambalo kwetu linakinga maji ya kijito ili asubuhi yafunguliwe na kugawiwa mashamba. Nilimsimulia.

"Sasa hizo Jumatano ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimepumzika, mama."

"Baba yako alikwenda hata mvua ikinyesha. Alifungua, maji yakagusa shamba, akafunga, akarudi. Ulikuwa unamwona."

Nilikuwa namwona. Nilikuwa nakwenda naye, nimejifunika gunia kichwani, mvua inatupiga, nikijiuliza mtu mzima anatafuta nini kwenye shamba lililokwisha kulowa. Nilidhani ni ukaidi wa wazee. Hakuna aliyenieleza kwamba hakwenda kumwagilia, alikwenda kuonekana. Kwetu zamu huishi kwa miguu ya mwenyewe. Ukiiruka mara tatu umesema una maji ya kukutosha, na wenzako watakuamini. Nilikua ndani ya sheria hiyo kama samaki ndani ya maji, na bibi shamba wa mjini hakuwa na sababu ya kuijua. Yeye alinifundisha namna ya kuacha maji. Kujua yanakokwenda nikiyaacha ilikuwa kazi yangu, na mimi nilikuwa kitandani.

Nilidai kikao. Kilikaa kesho yake ndani ya ghala la skimu, watu wameketi juu ya magunia matupu, mwenyekiti kwenye kiti pekee kilichokuwepo, mgongo wake umebaki mbao mbili. Bibi shamba naye alikuja, maana nilimpigia. Jirani yangu wa mkiani alikaa karibu na mlango, kofia mkononi. Nilimsalimia kwa kichwa.

Mwenyekiti alieleza jambo lilivyo. Maji yaliyopo asubuhi ya Jumatano yanatosha mtu mmoja tu. Aliyeyashika sasa ni wa mkiani, kwa utaratibu. Mama anayataka. Nani ana neno?

Bibi shamba alisimama. Alitaka kunisifu, maskini. Akaeleza kwamba mpunga wa mama umelelewa kwa ukavu, mizizi yake imeshuka chini sana, umezoea shida, ni mpunga wa mfano. Kabla hajafika alikokuwa anakwenda, mzee mmoja wa mbele akamdaka.

"Basi jibu limepatikana. Wa mama umezoea, uvumilie. Wa mwenzetu umelelewa majini, ukikosa wiki mbili unakufa. Apewe asiyezoea."

Watu wakaguna kukubali. Ilionekana hekima.

Damu ilinipanda mpaka masikio yakawaka. Mimi ni mzaliwa wa kwanza wa kike. Neno hilo, kuzoea, nimelisikia tangu nikiwa na urefu wa jembe. Mpeni yeye kuni, amezoea. Abaki yeye na mgonjwa, amezoea. Mume wangu alipokufa walinitazama wakasema huyu atasimama, huyu amezoea. Nilisimama pale ghalani nikapiga kelele, na sioni haya kusema nilipiga kelele. Niliwaambia mpunga wenye mimba haujui mazoea. Niliwaambia nimebeba samadi kichwani, nimepanda mche mmoja mmoja wakinicheka, nimepalilia mpaka mikono ikachubuka, na sasa mnataka nivune makapi kwa sababu niliufundisha mpunga wangu adabu na mwingine hakuufundisha. Mnaniadhibu kwa kutumia kidogo!

Bibi shamba, sasa kwa sauti ndogo, alisema ni kweli, katika hatua hii mpunga wa mama usikauke.

Mtu mmoja nyuma akauliza kama haiwezekani kugawana. Mgawa maji akatikisa kichwa. Maji yenyewe yamekuwa membamba kama kamba, ukiyakata mara mbili mfereji utayanywa yote njiani. Mwenyekiti akamgeukia jirani yangu.

"Mzee, unasemaje?"

Alisimama taratibu, akishika ukuta kwa ajili ya magoti. "Maji ni ya mama. Mimi nilipewa tu."

"Unaachia?"

"Naachia."

Ghala zima lilipumua. Niliona jinsi lilivyopumua. Lau angekuwa mtu wa koo za hapa, wajomba na binamu zake wangekuwa wamekaa juu ya magunia yale, na mjadala ungefika jioni. Yeye alikuwa na kofia yake. Nilisema asanteni nyote, nikachukua jembe langu mlangoni, nikipita karibu naye kiasi cha kumgusa bega. Sikumtazama usoni.

Jumatano nilifungua maji. Niliyafuata tangu mlangoni mpaka majarubani, kidogo kidogo, yanajikokota kama mimi, yakaingia kwenye shina la kwanza na la pili na yakaenea. Nililia. Sijui kama ni kwa furaha, nadhani ni kwa kuchoka tu. Nilifanya hivyo kila Jumatano mpaka masuke yalipojaa na kuinama.

Kwa wiki zote hizo sikupita njia ya mkiani. Kuna njia nyingine ya kurudi nyumbani, ndefu zaidi, inapita kwenye miiba, na mimi mwenye mgongo huu niliichagua hiyo. Habari nilizipata kwa wengine. Mpunga wake ulianza kuwa wa manjano kwenye ncha. Kisha ukawa rangi ya nyasi za kuezekea. Wakasema nyufa za kule zinaingia mkono mpaka kiganja kinapotea.

Nilivuna vizuri. Nilivuna kuliko mwaka wowote niliolijaza shamba maji na mbolea. Wageni wakaja, bibi shamba akiwaongoza, amevaa shati safi na uso unang'aa. Wakanipiga picha nimeshika fungu la masuke. Mmoja akaniuliza nimetumia maji kiasi gani ukilinganisha na zamani. Nikasema labda nusu, labda chini ya nusu. Aliandika, na wenzake wakapiga makofi.

Wakati wanapiga makofi ndipo niliposhindwa kuvumilia. Kesho yake nikaenda kwa mwenyekiti nikamwambia nataka nusu ya Jumatano zangu za kila msimu, zile za wakati mpunga bado mchanga, ziandikwe kwa jina la mzee wa mkiani. Ziandikwe na muhuri upigwe, na zisiwe za kusemwa dukani. Alinishangaa, lakini akaandika. Nikakoboa mpunga, nikajaza debe la mchele, nikalipakia kwenye bodaboda nikapanda nyuma, karatasi ikiwa ndani ya sidiria.

Nilimkuta mzee uani ananoa kisu. Nilikitambua, ni kile kisu cha kukatia mkonge. Mke wake alinikaribisha kwa heshima, akapokea debe kwa mikono miwili, akaingia nalo ndani. Wajukuu walikuwa hawapo. Wameshapelekwa kwa shangazi yao, mzee alisema, kwa sababu ya chakula.

Nilitoa karatasi nikamsomea. Aliisikiliza yote, kisu kimelala magotini.

"Asante, mama. Lakini Jumatatu naanza mkongeni. Wamenipokea."

"Kwa magoti hayo?"

"Ndiyo niliyo nayo."

Nikaanza kumwambia namna ya kupanda, kamba, miche michanga, kwamba nitakuja mwenyewe kumwonyesha, kwamba msimu ujao hautakufa. Nilisema mengi. Yale yote niliyoona ni marefu siku ile nilipopita kwenye ukingo wake, sasa yalinitoka bila kikomo. Aliniacha mpaka nikaishiwa.

"Mama, mimi sikulaumu kwa kuyachukua maji. Yalikuwa yako, na nilisema mbele ya watu. Lakini kunde zangu zilikuwa zimetoa maua. Ule ukavu wa zamani niliujua, nilikuwa najua unanipa nini na unaninyima nini. Wewe ulinimwagia maji kama mtu anayemwaga maji ya kuoshea vyombo, hatazami yanaangukia wapi. Mtu akinipa kitu, angalau anitazame."

Hakupaza sauti. Alirudi kunoa kisu, na mke wake akatoka na kikombe cha uji, akaniwekea kwenye kigoda.

Nilitaka kusema nilikupa kwa moyo, uliza mgawa maji, alisikia. Lakini nilijua. Sikuwa nimempa mtu kitu. Jumatano zile nilikuwa nimelala, nimejifunika hadi masikioni, na maji yakajiendea yenyewe mpaka kwake. Nilikunywa uji wote kwa sababu ulikuwa umetengwa kwa ajili yangu, na nilijua nyumba ile haikuwa na uji mwingine.